Matabishi ao mushahara? Historia ya kodi inayokatwa juu ya prime

Leo tuongee juu ya feza, lakini kwa njia ya historia.

Mwisho wa mwaka wangu wa kwanza wa kazi, nilipata prime. Nilikuwa agronome wa kufuata wakulima wa kakao na kahawa, na patroni alitutangazia mwezi moja mbele kwamba kila mutu atapata mushahara wa mwezi wa kumi na tatu. Munajua ginsi inakuwaga: feza haijafika, mimi nimeishaigawanya. Minervale ya mudogo wangu, mabati ya jikoni ya mama, deni ya pikipiki. Feza ilipofika, niliihesabu mara mbili. Zaidi ya robo ya ile prime haikuwako. Kwenye fishi ya malipo kulikuwa mustari wenye herufi tatu, IPR, na mbele yake hesabu karibu mara tatu ya ile ya mwezi wa kawaida. Nikaenda kumuuliza kontable. Akanijibu: « Ni Leta, ndugu yangu, si mimi », akarudilia mashine yake.

Jioni nilipita kwa papa mukubwa, mwalimu wa sekondari aliyeingia retrete. Nilimulalamikia. Akacheka, kisha akasema neno ambalo halijanitoka mpaka leo: « Wewe unalia juu prime yako imekatwa. Mimi, prime yangu haikukatwa hata siku moja kwa miaka zaidi ya makumi mbili. Sasa natafuta ile prime ndani ya pansio yangu, siioni. »

Andiko hili limetoka kwenye maneno yale mawili, la kontable na la papa mukubwa. Nataka kuonyesha ginsi Leta ilifika mpaka ndani ya fishi ya malipo yetu, na kwa nini swali la kwanza juu ya prime si « wamekata ngapi? ». Swali la kwanza ni hili: prime ni matabishi, ao ni mushahara?

Kodi ya mikono, kisha kodi ya kichwa

Wakati wa Bula Matari, Leta Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II (1885-1908), watu wengi hawakuwa na franga. Kwa hiyo kodi haikuchukuliwa kwa franga, ilichukuliwa kwa mikono: kukusanya mpira na pembe za tembo, kubeba muzigo, kulisha askari. Dekre ya mwezi wa kumi na moja 1903 iliandika kwamba kazi ya kodi isipite saa 40 kwa mwezi. Ile ilikuwa kwenye karatasi. Mwaka 1904 konsuli Roger Casement wa Uingereza alitoa raporo yake, na dunia ikajua ginsi ile kodi ilikuwa inaombwa kwa fimbo, kwa bunduki na kwa kufunga wanawake mpaka bwana zao walete mpira.

Ubelgiji ulipochukua koloni mwaka 1908, ulianza kugeuza ile kodi iwe ya franga. Dekre ya tarehe 2 mwezi wa tano 1910 iliweka kodi ya kichwa: kila mwanaume muzima wa kiafrika alipe kiasi fulani kila mwaka, na mwenye bibi wengi aongeze. Angalia vizuri kazi ya kodi hii. Haikuuliza umepata nini. Iliuliza paka kama uko na kichwa. Mutu aliyelima muhogo wake na maharagi yake, bila kuuza, alipashwa kupata franga, na franga ilipatikana kwa muzungu: kwenye mine, kwenye plantasio, kwenye barabara. Njo vile kodi ilikuwa inasukuma watu kwenye kazi ya mushahara. Kwetu huku kaskazini ya Kivu, zahabu ya Kilo-Moto upande wa Ituri na mine za Kampuni ya Maziwa Makubwa, ile MGL iliyojenga kambi yake Butembo, zilihitaji mikono mingi.

Na sisi wa agronomia tusijifiche nyuma ya wengine. Dekre ya tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili 1933 ilipanga kazi za lazima, kufikia siku 60 kwa mwaka, na ndani yake kulikuwa mashamba ya lazima. Mwaka 1942, juu ya vita, siku zile zilipandishwa mpaka 120. Mwenye kuja kupima ile shamba na kuandika jina la mwenye hakulima alikuwa agronome ao monitere wake. Wazee wakisikia leo neno « agronome » na kukuangalia kidogo kwa macho ya upande, ujue kuko sababu.

Matabishi ilitoka wapi

Ndani ya ile dunia ya mine na plantasio, mufanyakazi alipata vitu viwili vilivyoandikwa kwenye kontra: mushahara na posho. Kisha kulikuwa kitu cha tatu, ambacho hakikuandikwa: matabishi. Neno hili limetoka kwa Wareno, mata-bicho, maana yake « kuua mududu », ile glasi ya pombe ya asubuhi ya kutuliza tumbo. Kidogo kidogo neno lilipanda na watu wa biashara, likaingia katika luga zetu, likawa zawadi yoyote ya juu: nyongeza ya muchuuzi anapokupimia maharagi, feza kidogo anayokupa mukubwa akifurahi.

Matabishi ni kitu kizuri, sote tunaipenda. Lakini iko na sheria moja: hauwezi kuiomba. Mwenye kuitoa anaitoa akitaka, kwa nani anataka, kiasi anachotaka. Leo amefurahi, kesho amenuna. Hakuna tribinali inayoweza kukusaidia kudai matabishi. Na kwa sababu ni zawadi, hakuna mwenye kuikata kodi.

Wengi wetu, tukisikia « prime », ndani ya roho tunasikia « matabishi ». Njo sababu tukiona imekatwa, tunaona kama Leta imeiba zawadi. Lakini sheria ya Kongo haikuelewa vile. Kode ya kazi, ile ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inapofasiria remunerasio, inahesabu pamoja: mushahara, komisio, prime, gratifikasio, mwezi wa nyongeza, saa za ziada. Yote ni malipo ya kazi. Inatoa inje vitu kama matunzo ya ugonjwa, feza ya nyumba, feza ya transporti na posho ya watoto inayopangwa na sheria. Kwa hiyo mbele ya sheria jibu liko wazi: prime ni mushahara wenye jina lingine.

1969: mulango wa mwajiri

Kodi inayokatwa kwenye fishi yetu ilizaliwa na ordonanse-loi nambari 69/009 ya tarehe 10 mwezi wa pili 1969, wakati wa Mobutu. Ilipanga mapato katika masanduku matatu: kodi ya nyumba zinazopangishwa, faida ya feza iliyowekwa katika kampuni, na mapato ya kazi. Kila sanduku na kodi yake na hesabu yake. Wafaransa wanaita mufumo ule « cédulaire ».

Hapa historia inachekesha. Ubelgiji wenyewe uliweka mufumo wa namna ile mwaka 1919, kiisha Vita ya Kwanza ya Dunia. Wakauona kuwa muzee, wakauacha kwa sheria ya tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 1962, wakaanza kuunganisha mapato yote ya mutu. Miaka saba nyuma, sisi tukaandika mufumo ule kama sheria yetu. Na tuliutunza kwa zaidi ya nusu karne, mpaka mwaka 2023, Leta ilipotia sahihi sheria mpya ya kuunganisha mapato ya mutu katika kodi moja.

Lakini kitu kimoja katika ile sheria ya 1969 kilikuwa na nguvu: kodi ya mushahara, ile IPR, haiombwi kwa mufanyakazi. Mwajiri anaikata mbele ya kulipa, kisha anaipeleka. Mwenye kubeba muzigo ni mufanyakazi, mwenye kujibu mbele ya Leta ni mwajiri. Leo anapashwa kuitangaza na kuilipa kwa DGI, ofisi ya kodi iliyoundwa mwaka 2003, mbele ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ni kama kuchukua maji kwenye chemchemi, mbele haijafika mutoni.

Kongo haikuwa peke yake. Marekani ilianza kukata kodi ya mushahara kila malipo mwaka 1943, Uingereza mwaka 1944. Zote zilikuwa katika vita, zilihitaji feza ya haraka kutoka kwa mamilioni ya wafanyakazi, na ziliona kwamba ni rahisi kuongea na patroni moja kuliko kuongea na wafanyakazi elfu moja. Ukivuka Kasindi kuingia Uganda, utakuta PAYE, kodi ya namna ileile, ya ukoo wa Waingereza. Cha kushangaza ni Ufaransa: wao walianza kukata kodi kwenye chemchemi tarehe 1 mwezi wa kwanza 2019 tu. Mbele yake kila mutu alikuwa anatangaza mapato yake na kulipa mwenyewe. Mufanyakazi wa Butembo alikatwa kwenye fishi miaka mingi mbele ya mufanyakazi wa Paris.

Wakati uleule, wasiokuwa na fishi ya malipo hawakuachwa. Miaka ya 1970 kodi ya kichwa ilikuwa ingali na jina lingine, CPM, na mutu alitembea na karatasi yake juu ya kuogopa bariere. Kwa hiyo kulikuwa Wazairwa wa namna mbili mbele ya kodi: mwenye fishi, anayekatwa bila kuona mukono unaokata, na mwenye kutembea kwa miguu, anayesimamishwa njiani.

Miaka prime ilipokula mushahara

Kisha mushahara wenyewe ukakufa. Wenye umri wetu hatukuona, lakini wazazi wanakumbuka. Bei zilipanda mpaka noti ya zaire milioni 5 ikatolewa. Mwezi wa kumi 1993 waligeuza feza: zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1998 franga ya Kongo ikaja, moja kwa zaire mpya 100.000. Ndani ya ile moto, mushahara wa mwalimu wa Leta haukununua tena hata mufuko wa unga, na miezi mingine haukufika kabisa.

Kiisha mugomo mukubwa wa mwanzo wa miaka ya 1990, wazazi wakakubaliana na kanisa na shule: tutachanga sisi wenyewe ili watoto wasome. Feza ile iliitwa prime ya motivasio. Ilianza kama musaada wa muda kidogo. Ikadumu kwa miaka zaidi ya 25, mpaka masomo ya bure ya shule ya musingi ilipotangazwa mwaka 2019. Vita ilipokuja na Beni na Butembo zikawa chini ya RCD-K/ML, kati ya 1999 na 2003, mwalimu wa kwetu angefungwa njaa bila mikono ya wazazi.

Njo pale papa mukubwa aliishi. Prime ya wazazi ilimulipia nyumba, ilisomesha watoto wake. Haikukatwa kodi. Lakini haikuandikwa pahali popote pa Leta. Siku ya retrete, hesabu ilifanywa juu ya mushahara ulioandikwa, ule mudogo ambao wote tulijua kwamba haulishi mutu. Miaka ya jasho ilihesabiwa kama matabishi.

Na si walimu peke yao. Katika ofisi nyingi za Leta, mushahara wa musingi ulibaki kidogo, prime ikawa kubwa kuupita. Katika hospitali, munganga alingojea prime. Na tarehe 1 mwezi wa nane 2018, Ebola ilipotangazwa kwetu, ikaanzia Mangina, ikapiga Beni na Butembo mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020, na kuua zaidi ya watu 2.200, vijana wengi wa kizazi chetu, diplome mufukoni, walipata kazi yao ya kwanza kwa prime ya siku: kunawisha mikono kwenye bariere, kufuata wagonjwa, kuhamasisha. Wengi hawakujua kwamba sheria iko na neno juu ya mufanyakazi wa siku pia: remunerasio ya mutu wa kazi ya kupita inakatwa 15 kwa mia, bila ngazi. Kazi iliisha, na wengi walibaki bila hata karatasi ya kuonyesha kwamba walifanya kazi.

Wakati huohuo, tusisahau, kodi haikuwa uzito mumoja kwa wote. Chini ya RCD-K/ML, wafanyabiashara wakubwa wa Butembo walitanguliza feza za douane kwa wakubwa wa Beni, na wao walipata bei ya kusikilizana. Sisemi hii kwa kuwatukana. Bila wafanyabiashara, sehemu kubwa ya muji wetu isingesimama. Nasema tu kwamba mwenye duka iko na meza ya kukaa na mukubwa wa kodi na kuongea. Mwenye fishi ya malipo haina meza. Anakatwa kwanza, anauliza kiisha. Njo sababu yeye, kuliko wengine, anapashwa kujua hesabu.

Tufanye hesabu pamoja

Chukua kalamu. Bareme ya IPR ambayo ilitumika kwangu iliandikwa kwa mwaka, ngazi ine:

- kutoka 0 mpaka 1.944.000 FC: 3 kwa mia
- kutoka pale mpaka 21.600.000 FC: 15 kwa mia
- kutoka pale mpaka 43.200.000 FC: 30 kwa mia
- juu ya pale: 40 kwa mia, lakini jumla ya kodi isipite 30 kwa mia ya mapato yanayokatwa.

Kabla ya kodi, wanatoa kwanza 5 kwa mia ya CNSS, sehemu ya mufanyakazi kwa ajili ya pansio. Na mwenye bibi ao bwana na watoto anapunguziwa kodi 2 kwa mia kwa kila mutu anayemubeba, kufikia watu 9. Mimi nilikuwa peke yangu.

Juu ya kukata kila mwezi, ngazi zinagawanywa kwa 12: 162.000 FC, 1.800.000 FC, 3.600.000 FC. Sasa tuseme kiisha kutoa CNSS unabaki na 1.500.000 FC kwa mwezi. Zile 162.000 za kwanza zinakatwa 3 kwa mia, ni 4.860 FC. Zile 1.338.000 zinazobaki zinakatwa 15 kwa mia, ni 200.700 FC. Jumla: 205.560 FC kila mwezi.

Mwezi wa kumi na mbili unafika, wanakupa prime sawa na mushahara. Kontable anaijumulisha juu ya mushahara wa mwezi ule: 3.000.000 FC. Ngazi ya kwanza, 4.860. Ngazi ya pili inajaa, 1.638.000 kwa 15 kwa mia, ni 245.700. Sasa inabaki 1.200.000 yenye imepanda kwenye ngazi ya tatu, inakatwa 30 kwa mia: 360.000. Jumla: 610.560 FC. Toa ile 205.560 ya kawaida. Prime yako peke yake imekatwa 405.000 FC, ni 27 kwa mia. Mushahara wako wa kila mwezi ulikuwa unakatwa chini kidogo ya 14 kwa mia.

Njo ile robo yangu iliyopotea. Kontable hakuiba. Alihesabu mwezi.

Lakini sasa hesabu mwaka, sawa bareme yenyewe ilivyoandikwa. Miezi 12 na prime moja ni 19.500.000 FC. Bado haijafika 21.600.000. Maana yake, kwa mwaka muzima, hakuna hata franga moja yenye ilipashwa kugusa ngazi ya 30 kwa mia. Kodi ya mwaka ingekuwa 2.691.720 FC. Kwa kukata mwezi kwa mwezi, na prime kurundikwa katika mwezi moja, ulilipa 2.871.720 FC. Tofauti ni 180.000 FC. Mutu wa mushahara uleule, ambaye prime yake imegawanywa kidogo kidogo kwa miezi 12, hangezilipa. Kazi moja, feza moja, kodi mbili, juu tu ya siku ambayo feza iliingia.

Sikujua hii yote ile siku nilipomusimamia kontable. Kama ningejua, ningemuuliza swali lingine: « Mwisho wa mwaka, munarudiliaka hesabu ya mwaka muzima? » Ni swali la heshima, halimutukani mutu, na linaonyesha kwamba unajua kusoma fishi yako.

Ujanja wa majina

Kuko waajiri ambao, kwa kukimbia kodi na CNSS, wanacheza na majina. Katika kontra wanaandika mushahara mudogo, kisha « prime » kubwa ambayo inalipwa mukono kwa mukono, ao « transporti » ambayo inapita mbali bei ya pikipiki zote za Butembo. Feza ya nyumba nayo inaachwa bila kodi, lakini isipite 30 kwa mia ya mushahara. Wengine wanaijaza mpaka inamwagika.

Kijana mwenye amemaliza masomo, mwenye amekaa miaka miwili bila kazi, anaona inje kama neema: « Hawanikati kitu! » Nilisema vile pia. Lakini sikiliza upande mwingine. Mwajiri anayetangaza prime yako analipa juu yake CNSS 13 kwa mia kutoka mufuko wake, zaidi ya 5 zako. Pansio ya CNSS inahesabiwa juu ya remunerasio iliyotangazwa. Feza ya konje, feza ya preavis siku wanakufukuza, zinahesabiwa juu ya remunerasio. Prime iliyofichwa inafichwa kwa Leta, lakini inafichwa kwako pia. Siku mutakosana na patroni, ataweza kusema: ile ilikuwa zawadi, na zawadi haidaiwi. Umerudi kwenye matabishi.

Najua jibu la wengi, na si jibu la kijinga. « Kodi kwa Leta gani? Barabara iko wapi? Usalama uko wapi? » Watu wa Beni na Lubero wanazika watu wao, wanakimbia mashamba yao ya kakao, na wanaona koli na taksi kila mahali. Hapa kwetu watu walichanga wenyewe kwa ajili ya shule, barabara, mpaka universite. Siwezi kumuambia mutu aliyekimbia Beni mara mbili kwamba IPR yake imerudi kwake. Ninachosema ni hiki: kodi ya mwenye mushahara itakatwa, ikiwa anajua ao hajui. Kati ya mutu aliyekatwa na fishi mukononi, na mutu aliyekatwa bila karatasi, wa kwanza anaweza kuuliza. Babu yetu aliyebeba muzigo wa Bula Matari hakupata karatasi. Aliyelipa kodi ya kichwa alipata karatasi ya kuonyesha kwenye bariere tu. Sisi tumepata karatasi yenye hesabu ndani. Tuitumikishe.

Kwa hiyo, ndugu na dada zangu, mbele ya kutia sahihi kontra yako ya kwanza, uliza mambo matatu. Kwanza: prime imeandikwa kwenye kontra, ao ni neno la mudomo? Pili: itakuwa kwenye fishi ya malipo, na IPR na CNSS zake? Tatu: italipwa mara moja, ao itagawanywa, na nani atarudilia hesabu ya mwaka? Kisha chunga fishi zako zote pamoja na diplome yako, mahali pasipofika maji. Ukiombwa kukimbia, ziingize kwenye mufuko wa kwanza.

Papa mukubwa angali anafundisha watoto wa jirani hesabu, jioni, kwenye veranda. Wazazi wanamuletea maharagi, wakati mwingine franga kidogo. Juzi nilimukuta anaandika kila kitu ndani ya kaye: tarehe, jina, kiasi. Nikamuuliza ni ya nini sasa, wakati hakuna mwenye kumukata kodi. Akanijibu bila kuinua macho: « Safari hii nataka ionekane. »